Kenichi, Mwanagenzi wa Ryozanpaku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa mazoezini, ndani ya daladala na kwenye simu usiku wa manane. Wengi wa wanaouliza wameona vipindi viwili vitatu tu wakabaki na kiu. Yenye nyama nimeyajibu kwa kirefu, mepesi kwa mistari michache. Nikigusa mambo ya mbele ya hadithi nasema mapema, asiharibiwe mtu uhondo. Majina ya Kijapani nimeyaandika kama Wajapani wenyewe wanavyoyataja, ukoo kwanza, jina baadaye.

Kenichi ni hadithi ya nini hasa?

Ni manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, ya Matsuena Shun iliyotoka katika jarida la Weekly Shonen Sunday la kampuni ya Shogakukan, kuanzia mwaka 2002 hadi 2014. Ina sura 583, zilizokusanywa katika juzuu 61. Jina lake kwa Kijapani ni Shijo Saikyo no Deshi Kenichi. Ukitafuta kwa Kiingereza utaipata kama Kenichi: The Mightiest Disciple.

Shirahama Kenichi ni mvulana wa mwaka wa kwanza katika shule ya sekondari ya juu ya Koryo. Mpole, msomaji wa vitabu, mpenda maua, na ameonewa kwa miaka mingi. Anaingia klabu ya karate akidhani uonevu utakoma, lakini huko ndiko anakogeuzwa gunia la kupigia ngumi. Jitu moja la klabu hiyo, Daimonji, linamwekea sharti: wapigane, atakayeshindwa aondoke.

Asubuhi moja njiani anamwona msichana aliyehamia shuleni kwao, Furinji Miu, anamgusa bega kwa nyuma, na kabla hajajua kilichotokea amekwisha kubwagwa chini. Miu hakukusudia; mwili wake umezoea hivyo. Anamwomba radhi, anamfundisha hatua za miguu, na baadaye anamwonyesha nyumbani kwa babu yake. Nyumba hiyo ni dojo, yaani ukumbi wa mazoezi ya mapigano, la Ryozanpaku, ambamo wanaishi magwiji sita wa mapigano. Anayevuka lango lile haingii kwa mchezo, lakini Kenichi analivuka.

Kwa nini unamwita mwanagenzi? Si mwanafunzi tu?

Neno la Kijapani ni deshi, na mwanafunzi halilitoshi. Mwanafunzi hukaa darasani, kengele ikilia anakwenda kwao. Deshi yuko chini ya mkono wa fundi wake: anafagia, anatumwa, anakaripiwa, anakula pamoja naye, na makosa yake yanamwaibisha fundi. Sisi tunaye mtu huyo. Ni yule kijana aliyepelekwa kwa seremala au kwa fundi wa majahazi, akakaa miezi anashika taa na kuokota misumari kabla hajaruhusiwa kugusa tezo. Tunamwita mwanagenzi, na sioni neno lingine linalomfaa Kenichi. Baadaye anahamia kabisa Ryozanpaku, anakuwa kile Wajapani wanachokiita uchideshi, mwanagenzi anayelala chini ya paa moja na walimu wake.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu hapo ndipo hadithi nzima ilipo. Manga za kupigana ni nyingi, na karibu zote zinamhusu bingwa, au mtu aliyeandikiwa kuwa bingwa. Hii inamhusu anayefundishwa. Hata jina lake linasema hivyo: Kenichi, mwanagenzi mwenye nguvu kuliko wote katika historia. Hawakuandika mpiganaji.

Kenichi ana kipaji kilichofichika, sivyo?

Hana. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na watu hawapendi jibu langu. Wamezoea hadithi ambamo kijana mnyonge anagundua katikati ya safari kwamba baba yake alikuwa shujaa au ndani yake mna shetani wa kale aliyelala. Wanasubiri siri ya Kenichi ifichuke.

Walimu wake wanamwambia mbele ya macho yake kwamba hana kipaji cha kupigana hata chembe. Wanalijadili jambo hilo wao kwa wao kama mafundi wanaoangalia mti uliopinda. Baba yake ni mfanyakazi wa kawaida anayempenda mno binti yake Honoka na anayekumbatia bunduki zake za kuwindia kila mtoto wake akisumbuliwa. Mama yake ni mama wa nyumbani mtulivu. Hakuna ukoo wa ajabu hapo.

Anacho kitu kimoja, nacho kinaonekana tangu sura za mwanzo: hawezi kugeuza uso pale mtu anapoonewa, hata akijua kwamba atapigwa yeye. Kabla ya Ryozanpaku sifa hiyo ilimletea majeraha tu. Walimu wanaiona, na juu yake wanajenga. Kila mpinzani anayemshinda ana kipaji kumzidi, na kila mara tofauti inatokana na saa alizotumia. Ukihesabu kurasa utashangaa ni ngapi hazina pambano kabisa. Ni Kenichi anakimbia, Kenichi anabeba, Kenichi analia, Kenichi anatoroka usiku na kurudishwa.

Mimi niliingia kwenye karate nikiwa mzito na mwoga, na mwalimu wangu wa kwanza aliniambia waziwazi kwamba sitafika mbali. Nilipoikuta manga hii nilisoma sura kumi kwa mkupuo, maana nilikuwa sijawahi kuona mtu kama mimi akiandikwa bila kuonewa huruma.

Walimu ni akina nani, na kila mmoja anafundisha nini?

Sakaki Shio ni mtu wa karate, mwenye kovu usoni na bia mkononi. Jina lake la utani linatafsirika kuwa mwanakarate wa dani 100 za ugomvi. Kumbuka dani za karate, yaani daraja za mkanda mweusi, huishia 10. Mwanzoni hataki mwanagenzi kwa sababu anaogopa kumvunja mtoto wa watu. Akishakubali, yeye ndiye anayempa Kenichi misingi: ngumi iliyonyooka, kukinga, kusimama.

Koetsuji Akisame ndiye akili ya dojo. Ni gwiji wa jujutsu, tena mchongaji, mchoraji na tabibu wa mifupa. Mwili mzima wa Kenichi ameubomoa na kuujenga upya kwa mahesabu, msuli kwa msuli. Mashine za mateso anazozibuni huwa anazionyesha kwa fahari ya baba mwenye mtoto mchanga. Jujutsu ni sanaa ya kubwaga, kukaba na kufunga viungo, na ndiyo iliyozaa judo pale Kano Jigoro alipofungua shule yake ya Kodokan mwaka 1882. Mswahili aliyewahi kupigwa mtama au kutiwa kabali utotoni atatambua mengi.

Ma Kensei ni Mchina mfupi mwenye kofia, anayesemwa kuwa amezimudu aina zote za kenpo, yaani mapigano ya ngumi, ya Kichina. Ni mwalimu mwenye subira kuliko wengine, naye aliacha familia kubwa na cheo kikubwa kwao. Pia ana tabia ya kuwapiga wanawake picha kwa siri, nami tabia hiyo sijaweza kuizoea hadi leo.

Apachai Hopachai ni jitu kutoka Thailand, gwiji wa muay thai. Wanasema muay thai ni sanaa ya viungo vinane: ngumi mbili, viwiko viwili, magoti mawili na miundi miwili. Apachai ana moyo wa mtoto, anacheza na watoto na wanyama, lakini hajui kupunguza nguvu. Kwake kila pigo ni la kuua kwa sababu ndivyo alivyolelewa ulingoni. Kumfundisha Kenichi kunamlazimu yeye mwenyewe ajifunze kupiga kidogo, na safari yake hiyo ni ndefu kuliko unavyodhani. Walimu wenzake hukaa karibu, tayari kumrudisha mtoto duniani.

Kosaka Shigure ni bingwa wa silaha. Anazungumza kwa vipande vipande, anakaa darini, na ana panya wake aitwaye Tochumaru. Hamfundishi Kenichi kutumia upanga. Anamfundisha kusimama mikono mitupu mbele ya mtu mwenye upanga, na woga wa kwanza wa chuma unamtoka hapo.

Juu yao wote yuko babu yake Miu, Furinji Hayato, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, anayeitwa mtu asiyeshindika. Yeye hafundishi mara kwa mara. Akifundisha, dunia ya Kenichi inageuka.

Mazoezi yale ni ya kweli au ni chumvi tupu?

Chumvi ipo, lakini kuna chakula chini yake. Chukua tairi. Kenichi anafungwa kamba kiunoni na kuburuta tairi barabarani huku Akisame amekaa juu yake, mjeledi mkononi. Kuburuta tairi ni zoezi la wanamichezo wengi duniani. Matsuena ameongeza mwalimu na mjeledi.

Au zile sanamu za Jizo. Jizo ni mlinzi wa watoto na wasafiri katika Ubuddha wa Kijapani, na sanamu zake za mawe ziko pembeni mwa barabara kote nchini humo. Akisame anamchongea Kenichi Jizo wa kujifunzia kubwaga, mzito kama mtu na kuzidi. Kubwaga mzigo usioshirikiana nawe ndilo tatizo lenyewe la mieleka ya kila aina.

Mkao wa farasi ni halisi kabisa. Unatanua miguu, unashuka kama uliyekalia kigoda kisichokuwepo, unabaki hapo. Aliyewahi kuadhibiwa kwa kichurachura shuleni anajua mapaja yanavyowaka. Katika karate ya Okinawa watu wamefanya hivyo kwa vizazi, tena wakiwa wameshika mitungi mizito kwa ncha za vidole ili kujenga mshiko. Usifanye hivyo saa nzima kwa kumwiga Kenichi. Dakika moja ya mtu anayeanza ni nyingi.

Kilicho sahihi kuliko vyote ni mpangilio. Miguu kwanza, kisha kiuno, kisha mikono. Kwa muda mrefu Kenichi haruhusiwi kujifunza mbinu za kuvutia, na ananung'unika kama sote tulivyonung'unika.

Mbinu anazozitaja kwa sauti zina majina ya kweli?

Nyingi zina. Mfululizo wake maarufu wa mwanzo una mapigo manne, moja kutoka kila sanaa. Yamazuki ni ngumi mbili kwa mpigo mmoja, ya karate. Kao loi ni goti la kuruka la muay thai. Uryu banda ni mkono unaoshuka kama rungu, wa kenpo ya Kichina. Kuchiki taoshi ni kumwangusha mtu kama mti uliooza, na imo katika orodha ya mbinu za judo. Ukizitafuta moja moja utaona watu wa kweli wakizifanya. Matsuena alikuwa akichora miili inayozunguka kama inavyozunguka kweli, uzito ukiwa kwenye mguu unaostahili, na mtu wa mazoezi anaweza kuzifuata picha zake hatua kwa hatua.

Nyingine ni za kubuni lakini zimejengwa juu ya wazo la kweli. Seikuken ni eneo la duara ambalo mikono yako inafika. Kila kinachoingia ndani yake unakidhibiti. Yeyote aliyepigana na mtu mzuri wa kukinga amewahi kuuona ukuta huo. Mubyoshi, ambayo ni ya Kenichi mwenyewe, maana yake ni bila mdundo. Mpinzani husoma mdundo wa bega na pumzi yako kabla ngumi haijatoka. Ukiondoa mdundo, hana cha kusoma. Katika mbinu hiyo moja Kenichi amechanganya sanaa zake zote nne, na nakumbuka nilisimamisha kusoma ili nijaribu kuielewa kwa mwili.

Ragnarok ni akina nani, na mbona wana majina ya miungu ya Ulaya?

Ni genge la vijana wababe wanaotaka kuitawala mitaa. Ragnarok katika hadithi za kale za Wanorse, watu wa kaskazini mwa Ulaya, ni siku ya mwisho ya miungu. Viongozi wanane wa genge wamejipa majina, mengi yakiwa ya huko, na kila mmoja ana namba yake: Odin wa kwanza, Berserker wa pili, Freya wa tatu, Loki wa nne, Siegfried wa tano, Hermit wa sita, Thor wa saba na Valkyrie wa nane.

Utamu wake ni kwamba kila mmoja anakuja na sanaa yake. Thor ni mtu wa sumo aliyechoka kuambiwa kwamba sumo ni mchezo tu. Valkyrie, ambaye jina lake halisi ni Nanjo Kisara, anapiga mateke ya taekwondo. Freya ana fimbo. Siegfried anapigana huku akitunga muziki. Berserker hajawahi kufundishwa na mtu yeyote, ni kipaji kitupu, na kwa sababu hiyo yeye ni kinyume kamili cha Kenichi. Hermit ndiye ninayempenda. Shuleni ni Tanimoto Natsu, kijana mzuri wa klabu ya maigizo anayependwa na wasichana wote. Usiku ni mtu wa kenpo mwenye majonzi mazito. Nani yuko nyuma ya jina la Odin, hilo usome mwenyewe.

Katsujinken na satsujinken ni nini?

Katsujinken ni ngumi inayompa mtu uhai. Satsujinken ni ngumi inayoua. Maneno haya hayakubuniwa na Matsuena. Yametoka katika fikra za Zen na za watu wa upanga wa Japani. Mwaka 1632 Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa ukoo wa Tokugawa, aliyatumia katika maandishi yake akifafanua upanga unaoua na upanga unaohuisha.

Katika manga hii hayo ni mapande mawili yanayogombea dunia ya mapigano. Ryozanpaku wanashika la kwanza: hawaui, na mpinzani aliyeangushwa hutibiwa majeraha. Upande wa pili ni Yami, shirika la magwiji wanaoamini kwamba sanaa isiyoua imehasiwa. Nao wana wanagenzi wao, kundi la Yomi, na baada ya Ragnarok hadithi inakuwa ya wanagenzi wa pande mbili wanaobeba ugomvi wa walimu wao.

Ninachokithamini ni kwamba Yami si mashetani wa katuni. Baadhi yao wanawapenda wanagenzi wao kwa dhati, na hoja zao zina uzito. Kenichi hawashindi kwa maneno.

Jina Ryozanpaku lina maana gani?

Ni namna Wajapani wanavyosoma Liangshanpo, kinamasi cha mkoa wa Shandong, China, ambacho katika riwaya mashuhuri ya kale ya Kichina ni maficho ya mashujaa 108 walioikimbia serikali ya dhuluma. Kwa Mjapani jina hilo linamaanisha mahali wanapokusanyika watu wa ajabu wasioenea kwingine. Mbinu za Mzee Hayato nazo ni 108.

Niijima ni binadamu?

Ni binadamu, ingawa masikio, ulimi na macho yake vimechorwa kama vya kiumbe kilichotua usiku. Niijima Haruo alianza kama mmoja wa waliomwonea Kenichi. Baadaye akajifanya rafiki, akaanzisha umoja wake aliouita Shinpaku, jina alilolitengeneza kwa herufi ya kwanza ya Niijima na ya kwanza ya Shirahama kwa maandishi ya Kijapani, zinazosomeka pia shin na haku, halafu akamweka Kenichi mbele bila kumuuliza. Ni mwoga, mjanja na mwongo, na bila yeye nusu ya marafiki wa Kenichi wasingekuwepo.

Anime ina vipindi vingapi na inaishia wapi?

Anime, yaani katuni ya televisheni iliyotokana na manga hii, ina vipindi 50, vilivyotengenezwa na TMS Entertainment na kuonyeshwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba 2006 hadi Septemba 2007, chini ya mwongozaji Kamegaki Hajime. Vinaishia na mkasa wa Ragnarok, ambao kwenye manga ni mwanzo tu wa safari. Kuanzia 2012 hadi 2014 vilitoka vipindi vingine 11 vya video vinavyogusa mapambano na Yomi, lakini vinaruka mno kwa mtu asiyesoma manga.

Picha za anime si za kifahari, na mapambano mengine yamepunguzwa makali. Hata hivyo sauti zimechaguliwa vizuri, hasa ya Kenichi, aliyoitoa Seki Tomokazu. Analia kama mtu anayeumia kweli.

Nikimaliza anime nianze manga sura ya ngapi?

Anza ya kwanza. Najua utaona ni marudio, lakini anime imepanga upya na kuacha vitu vidogo vingi. Wasomaji wetu wa Kongo na Burundi wana bahati: Kurokawa wa Ufaransa wameichapa kwa Kifaransa. Kabla ya toleo hili la 2002 Matsuena aliwahi kuichora hadithi hiyohiyo kwa ufupi katika juzuu 5. Ni ya wapenzi sugu.

Naweza kuiangalia na watoto?

Wadogo, hapana. Damu si nyingi, ila Matsuena anawachora wasichana kwa namna ya kumfurahisha msomaji wa kiume, nguo zimebana na kuchanika kila mapigano, na mzaha wa Ma Kensei na kamera yake unarudi kila mara. Jambo hili linazidi kadiri juzuu zinavyosonga. Naipenda manga hii na sitaitetea katika hilo. Miu ni mpiganaji hodari kuliko Kenichi kwa sehemu kubwa ya hadithi, ameishi na babu yake tangu utotoni, ana upweke wake na woga wake wa kukosa marafiki. Alistahili kuchorwa kwa heshima hiyo kila ukurasa.

Kwa kijana wa miaka 15 au 16, kaa naye, iangalieni pamoja, mzungumze.

Kwa nini Kenichi hakubali kumpiga mwanamke?

Ni ahadi aliyojiwekea, naye anaishika hata ikimgharimu. Kisara anamkasirikia kwa hilo, anaona kwamba anadharauliwa, na mimi namwelewa Kisara. Mazoezini kwetu dada akisimama mbele yako umpige kwa kiasi cha kumfundisha, vinginevyo umemnyima somo. Walimu wa Kenichi hawamlazimishi kubadilika. Wanamtafutia njia za kushinda bila kupiga, na hapo jujutsu inamsaidia sana.

Shule za Japani ziko hivyo kweli, watu wanapigana juu ya dari la shule?

Magenge yenye vyeo vya miungu hakuna. Klabu za baada ya masomo ziko kweli na ni nguzo ya maisha ya shule kule: karate, judo, kendo, muziki, bustani. Mkubwa na mdogo katika klabu wana adabu zao kali, na uonevu hujificha humo. Tangu Aprili 2012 sanaa za mapigano ni somo la lazima katika shule za kati nchini kote, na shule nyingi hufundisha judo.

Naweza kujifunza kupigana kwa kuiangalia?

Hapana. Mwenyewe Kenichi alianza kwa kusoma vitabu vya maelekezo, naye alikuwa anapigwa vilevile. Tafuta mwalimu, na mtazame jinsi anavyomshughulikia mwanafunzi dhaifu kuliko wote katika ukumbi wake. Huyo ndiye utakayekuwa wewe mwezi wa kwanza.

Nataka kumvutia rafiki asiyependa anime. Nimwonyeshe tukio gani?

Hapa naeleza tukio la mapema, kwa hiyo anayetaka kulikuta mwenyewe aishie hapa.

Mwonyeshe Takeda. Takeda Ikki alikuwa bondia chipukizi. Mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi baada ya kuumia akimwokoa rafiki, ndoto yake ikaishia hapo, akaingia Ragnarok na kupigana kwa mkono mmoja. Anapambana na Kenichi juu ya dari la shule, na kwa mkono huo mmoja karibu ammalize. Katikati ya pambano Takeda anatoka nje ya ukingo. Chini ni ghorofa kadhaa.

Kenichi anamdaka na kumshikilia, akiwa amechakaa kwa ngumi za mtu huyohuyo anayening'inia mkononi mwake. Vidole vyake ni vya mtu aliyeshika mitungi na kubwaga mawe kwa wiki nyingi bila kujua ni vya nini. Havimwachi.

Baadaye anampeleka Ryozanpaku. Akisame anaushika ule mkono wa kushoto, anaukagua kimya, anafanya kazi yake ya tabibu. Takeda anakaa pale hajui aamini au asiamini. Halafu anajaribu kukunja ngumi, na vidole vinafunga.